Karotenoidi na macho ya mwenye kisukari

Umeuliza kama karotenoidi, yaani rangi za asili za mimea zilizomo kwenye chakula, zinaweza kulinda macho ya mama yako mwenye kisukari. Zinaweza kusaidia, lakini si badala ya dawa zake.

Retina, tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga, hutumia oksijeni nyingi mno. Sukari ikikaa juu, seli zake huzalisha molekuli za oksijeni zenye kuunguza, na hizo huchochea uvimbe, hudhoofisha kuta za mishipa midogo ya damu na kuua seli za neva. Hapo ndipo karotenoidi mbili, luteini na zeaksanthini, zinapoingia. Mwili hauwezi kuzitengeneza, huzipata kwenye chakula tu, kisha huzirundika katikati kabisa ya retina, mpaka sehemu hiyo ikawa na rangi ya manjano. Huko huzima zile molekuli haribifu na kuchuja mwanga wa buluu. Kwa panya wenye kisukari, luteini imepunguza madhara hayo. Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo.

Mpikie mama mboga za majani za kijani kibichi, na utie mafuta kidogo, maana bila mafuta karotenoidi hazifyonzwi vizuri. Kiini cha yai nacho kinazo. Vidonge asianze bila daktari. Beta-karotini, karotenoidi nyingine, ikiwa ya vidonge imeonekana kuongeza saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara.

Na tafadhali, apimwe retina kila mwaka hata kama anaona vizuri. Ugonjwa huu wa retina huanza kimya, bila maumivu.