Liki nyembamba kama penseli: anza na nafasi

Habari ndugu. Nimekuelewa: miezi mitatu tangu uhamishe miche ya liki (mboga ya jamii ya kitunguu) kutoka kitaluni, mashina bado ni membamba kama penseli, majani ya chini yanageuka njano, na mbolea uliweka mara moja tu, siku ya kupanda.

Kabla ya kununua chochote, pima nafasi. Mimi niliwahi kuzibana kwa sentimita 5, hazikunenepa hata kwa mbolea. Sasa naacha 15 kati ya mche na mche, 30 kati ya mistari. Zilizobanana zipunguze, ulizong'oa upike.

Njano inayoanzia majani ya chini mara nyingi ni njaa ya naitrojeni, na mizizi ya liki ni mifupi, haifuati chakula kilichozama. Tandaza samadi iliyooza vizuri kando ya mstari, au CAN (mbolea ya dukani yenye naitrojeni) kidogo mbali na shina, kisha mwagilia papo hapo. Rudia baada ya wiki 4. Samadi mbichi usiiguse kabisa, inaunguza mizizi.

Ule weupe mrefu wa shina hauletwi na mbolea. Pandishia udongo kidogo kidogo, usivuke pale majani yanapoachana, la sivyo mchanga utaingia ndani na kuuosha ni kazi kweli.