Injini Hupatikana, Taa Ndiyo Taabu

Katika toleo hili tunajibu barua nne kutoka Nakuru na magharibi mwa Kenya, zote zikihusu magari ya michezo ya Kijapani ya miaka ya 1990: namna ya kuyanunua, kuyauza na kuyatafutia vipuri.

SWALI: Mhariri, kuna Toyota Celica ya mwaka 1996 inayouzwa Kisumu, na moyo wangu umeshaifuata. Muuzaji anasema injini ilifunguliwa na kufanyiwa ukarabati mwaka jana. Taa mbili za mbele upande wa kulia zimepasuka, bampa imefungwa kwa waya, na mpira wa mlango wa dereva umechanika. Makanika wangu ananiambia nisiogope kwa sababu injini ya 3S imejaa kila mahali. Je, ninunue? – Msomaji, Section 58, Nakuru

JIBU: Ndugu, makanika wako amekuambia nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ndiyo itakayokutoa pesa. Jina la 3S hubebwa na injini kadhaa. Celica ya umri huo yenye fremu ya ST202 (ndio msimbo wa modeli yake) ilitoka kiwandani ama na 3S-FE ama na 3S-GE. Ile ya kwanza ndiyo iliyofungwa pia kwenye RAV4 ya mwanzo, Ipsum, Caldina na TownAce Noah, na kwa hivyo pampu yake ya maji, gasketi na sensa zake si vitu vya kukusafirisha hadi Nairobi. Ile ya pili ina silinda hedi ya aina yake, iliyobuniwa kwa ushirikiano na Yamaha, na siku utakapohitaji kamshafti au gasketi ya hedi hiyo, TownAce zote za Nakuru hazitakufaa kitu. Tena 3S-GE zenyewe hazilingani: zile zilizoanza kufungwa kwenye Celica mwishoni mwa mwaka 1997 zina VVT-i, yaani mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, na kompyuta pamoja na nyaya zake si za gari la 1996. Ukiambiwa kwamba ya Toyota Altezza itaingia, kumbuka kuwa ile imepangwa kwa urefu wa gari ili iendeshe magurudumu ya nyuma, ilhali ya Celica imelala kwa upana na huendesha ya mbele.

Basi kabla hujaomba gari liwashwe, fungua boneti utafute kibao cha chuma kilichobandikwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Hapo pameandikwa modeli kamili, aina ya injini na namba ya rangi. Kipige picha iliyo wazi. Kisha linganisha namba ya injini iliyochongwa kwenye bloku na ile iliyo kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, maana neno ukarabati mara nyingine huwa na maana ya kwamba injini yote ilibadilishwa na hakuna aliyeiarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Zikitofautiana, muuzaji arekebishe rekodi kwanza kwa gharama yake, kabla ya wewe kulipa chochote na kabla ya umiliki kuhamishwa.

Hata hivyo, injini si hofu yangu kubwa kwa gari hili, bali yale mambo matatu uliyoyataja kana kwamba ni madogo. Injini iliyochoka hupata nyingine, au hufunguliwa na fundi hodari ikarudi barabarani. Taa ya Celica haina mbadala. Gari hili lina taa nne za duara, mbili kila upande, na umbo lake halikutumiwa na Corolla, Corona wala Toyota nyingine yoyote inayopita barabara ya Kenyatta hapo kwenu. Vivyo hivyo kwa bampa, kioo cha nyuma na plastiki za ndani. Ule mpira wa mlango nao si jambo la kufumbia macho: milango ya Celica haina fremu juu ya kioo, kwa hivyo kioo hukaza moja kwa moja kwenye mpira, na ukichanika, mvua ya alasiri ya Nakuru itakuwa inaingia mapajani mwako na baadaye kuozesha sakafu chini ya zulia, mahali ambapo hutapaona mpaka siku fundi wa bodi atakapopaonyesha. Inua zulia hilo siku ya kukagua gari. Angalia pia chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu, kwa sababu sehemu za kaskazini mwa Japani humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari lililokulia huko huja na kutu yake.

Sehemu za chini zina nafuu. Carina ED na Corona Exiv za kati ya 1993 na 1998 zilijengwa kwa msingi uleule, na nyingi zimeshavunjwavunjwa, kwa hivyo bushi, beringi, mikono ya chini na sehemu za breki unaweza kuzipata kwa wauza spea za mtumba. Usiende kwao na maelezo ya mdomo tu. Kwa kutumia namba ya fremu, mwuza vipuri mwenye katalogi ya Toyota atakutolea namba ya kila kipuri, ambayo kwa kawaida huwa na tarakimu tano, kistari, kisha nyingine tano. Zile tano za mwanzo hutaja aina ya kipuri: 04465 ni pedi za breki za mbele, 13568 ni mkanda wa taimingi. Zinazofuata ndizo zinazoonyesha ni cha gari gani. Namba za vipuri vya Carina ED na Celica zikilingana zote kumi, nunua bila wasiwasi. Zikitofautiana mwishoni, uliza kwanza tofauti ni nini.

Ushauri wangu, ambao najua hautakufurahisha, ni kwamba utafute taa kabla ya kununua gari. Mwombe muuzaji akupe wiki chache, hata kama itakubidi uache arubuni ndogo kwa maandishi. Piga simu kwa wauza spea wa soko la Kibuye, Kisumu, na wa barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, kisha uulize mawakala wanaonunua Japani. Ukishapata bei ya taa mbili, bampa na mpira mpaka zifike Nakuru, itoe kwenye bei anayotaka, na utoe pia fundi na rangi. Akikataa hesabu hiyo, mwache abaki na gari lake. Wala asikupandishie bei kwa hadithi za Safari Rally: Celica alizoshinda nazo Ian Duncan mwaka 1994 na Yoshio Fujimoto mwaka 1995 zilikuwa ST185, za kizazi kilichotangulia, zenye turbo na zinazoendesha magurudumu yote manne. Hii unayoitamani ni gari zuri, lakini si hiyo.

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 1997, fremu GC8. Hapa Kisumu mjini haina shida, ila nikipanda kwenda Kericho mshale wa joto hupanda nao, na mara mbili maji yamechemka. Fundi anasema gasketi za hedi zimekufa na ni afadhali ninunue injini ya mtumba, kwani ameonyeshwa EJ20 ya turbo kwa bei nzuri. Nifanyeje? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Usinunue injini bado. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na Kericho takriban 2,000. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto la chini zaidi: Kericho ni karibu digrii 93, si 100. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko, ambalo huongeza kiasi cha digrii 20 juu ya hapo. Kifuniko ambacho springi yake imelegea hakitakusumbua ukienda sokoni na kurudi, lakini kitakuangusha kwenye mlima ule, injini ikiwa imebeba mzigo na turbo inawaka.

Impreza yako ina vifuniko viwili, kimoja kwenye radieta na kingine kwenye tangi dogo lililo juu ya injini, na shinikizo lao halifanani. Mafundi wengi huvifungua vyote viwili kwa pamoja na kuvirudisha popote mkono unapoangukia. Vipya vya asili ni gharama ndogo ukilinganisha na injini, kwa hivyo anza hapo, kila kimoja mahali pake, pamoja na thermostati ya asili. Baada ya hapo radieta ikaguliwe: ukipapasa uso wake injini ikiwa imezimwa na kuanza kupoa, sehemu zilizo baridi kuliko nyingine ndizo zilizoziba. Feni zote mbili ziwake. Ukijaza maji upya, tia kulanti iliyochanganywa na maji safi, usitie ya bomba pekee, na utoe hewa kupitia skrubu ndogo iliyo juu ya radieta, maana injini ya Subaru imelala na hewa hujificha ndani yake.

Yote hayo yakishindikana, gasketi zipimwe badala ya kukisiwa. Kipo kipimo cha kemikali kinachobadilika rangi kikikutana na moshi wa injini ndani ya maji, na mapovu yanayoendelea kutoka kwenye tangi lile dogo baada ya hewa kutolewa ni ushahidi mbaya. Gasketi mbovu bado si sababu ya kutupa injini, iwapo hedi hazijapinda kupita kiasi cha kusawazishwa na silinda hazijachubuka.

Ikikulazimu kununua, angalia unachonunua. EJ20 ya turbo iliyo rahisi mara nyingi hutoka kwenye Legacy ya miaka ya 1990 yenye turbo mbili. Utaitambua kwa wingi wa mipira midogo ya hewa iliyosukana juu yake, na mabomba ya moshi pamoja na kompyuta yake si vya gari lako. Unachotafuta ni injini ya Impreza yenye turbo moja, ya miaka iliyo karibu na 1997. Mwuzaji akubali kuizungusha kwa stata huku kila silinda ikipimwa kompresheni, na vipimo vya silinda nne visiachane sana. Asiyekubali kupimiwa, muage kwa heshima. Na injini yoyote utakayoifunga, mkanda wa taimingi, tensheni yake na pampu ya maji vibadilishwe injini ikiwa bado nje ya gari, kwa kuwa mkanda ukikatika katika injini hii, valvu hugongana na pistoni.

SWALI: Marehemu mume wangu aliniachia Toyota Corolla Levin ya 1997, AE111, yenye injini ya valvu 20. Inawaka, ingawa imesimama muda mrefu. Broka mmoja anataka kuinunua injini na gia boksi peke yake, kisha anisaidie kuuza zilizobaki. Pia amenipa karatasi ya kutia sahihi. – Mama, Kakamega

JIBU: Pole sana, mama, kwa msiba. Karatasi hiyo usiitie sahihi. Ikiwa logibuku bado ina jina la marehemu, unahitaji kwanza hati ya mahakama inayokupa mamlaka ya kusimamia mali yake. Bila hiyo huna njia halali ya kuhamisha umiliki, na mnunuzi makini atajua hivyo. Hilo likikamilika, uhamisho hufanywa kwenye mfumo wa NTSA mtandaoni, nanyi wawili mkiwa mmeona pesa zimefika.

Kuhusu kuivunja, broka anajua anachokifanya. Sehemu nyingi za Levin hulingana na zile za Corolla AE110, ambayo imejaa kila mtaa, kwa hivyo hakuna atakayekupa bei ya maana kwa bushi au beringi zake. Thamani imo ndani ya 4A-GE yenye nguvu farasi 165 na koo nne za kuvutia hewa, moja kwa kila silinda, pamoja na gia boksi, hasa ikiwa ni ile ya gia sita, kisha viti na taa. Akishaondoa injini na gia boksi, atakuachia bodi isiyotembea, inayokula nafasi uani. Liuze gari likiwa zima, lioshwe, betri iwe nzima, petroli iliyozeeka imwagwe, na ulitangaze kwa wenye Levin wenzako wa Kisumu, Eldoret na Nakuru, ambao ndio watakaolipia kile ambacho broka anakifumbia jicho.

SWALI: Je, naweza kuagiza kutoka Japani Impreza nzima ya 1999 kwa ajili ya vipuri tu? – Msomaji, Bungoma

JIBU: Hapana. Kwa kanuni za Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Wanachoagiza watu ni vipuri vilivyofunguliwa au ile sehemu ya mbele iliyokatwa, ambayo mafundi huiita nozikati. Usitarajie bei za zamani. Marekani huruhusu magari ya kigeni yaliyotimiza miaka 25 kuingia bila kutimiza masharti yake ya usalama, na tangu Impreza za kipindi hicho zifikie umri huo, mnagombania vipuri vilevile na wanunuzi wenye dola. Kumbuka pia kwamba ushuru wetu hukokotolewa kwa bei ya kipuri pamoja na bima na usafiri, na kwamba bampa, ingawa ni nyepesi, hutozwa kwa nafasi inayochukua ikisafirishwa kwa ndege. Vitu vikubwa vije kwa meli hadi Mombasa pamoja na mizigo ya wengine, vidogo kama sensa na taa vije kwa ndege, na wakala akutumie picha ya kila kipuri ikionyesha namba yake na vishikizo vya nyuma kabla hujamtumia shilingi.