Maji Mafu Hayasomi Kolishiti

Juzi nimepita seti moja ya filamu Kigamboni nikakuta kikosi kizima kimekaa kwenye mikeka saa tatu asubuhi, kimya, kama watu wa matanga. Jenereta limezima. Meneja wa uzalishaji, kijana mzuri tu, anazunguka na simu sikioni akitafuta fundi. Nilicheka, kisha nikaona haya, maana kijana yule nimewahi kuwa mimi. Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya umeneja wa uzalishaji, njooni hapa.

1. Kibali cha Bodi ya Filamu hakimjui mwenyekiti wa mtaa. Mfuate mapema, unywe chai yake.

2. Mkiwa na wageni kikosini, saa ziandikwe kwa namna zote mbili. Mzungu ukimwambia saa moja asubuhi atakuja usiku wa manane, au asije kabisa.

3. Kagua lokesheni saa ileile mtakayoshuti. Hili nililijua, nikalifuata, na ndilo lililonitia adabu.

Tulikuwa Bagamoyo. Onyesho lenyewe: msichana anatembea kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, baba yake anaondoka na ngalawa. Nilikwenda kukagua saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Bahari imekupwa mpaka basi, fungu jeupe liko wazi. Dairekta alipoona picha alipagawa. Nikaandika kwenye kolishiti, ile ratiba ya siku ya kushuti: wiki iliyofuata, saa nne ileile. Nikajiona bingwa.

Siku ikafika. Watu 31, ngalawa mbili, jenereta la kukodi, na mwigizaji mkuu mwenye tiketi ya ndege ya Mwanza kesho yake alfajiri. Saa nne, fungu hakuna. Maji matupu. Nikawaambia yatapwa, tungoje. Tukala chakula cha mchana saa tano, kwa kukosa la kufanya. Saa kumi yakapwa kweli, yakaishia kiunoni pa mtu, yakaanza kurudi.

Kulikuwa na mzee anashona wavu, ananitazama tangu asubuhi.

"Shikamoo mzee. Hili fungu limekwenda wapi?"

"Marahaba. Lipo. Mlikuja na bamvua, mwanangu, leo maji mafu. Rudini mwezi ukiandama."

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Uliniuliza?"

Bamvua ni maji ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanajaa sana na kupwa mbali; maji mafu ni ya katikati yake. Na maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Baada ya wiki, saa ya kupwa imekuwa saa ya kujaa, na maji mafu hayo hata yakipwa hayaendi mbali. Kila mtoto wa pwani anajua. Na mimi ni mtu wa Tanga! Bibi yangu alikuwa akihesabu bamvua kwa vidole kabla ya kwenda kuokota kombe, nami nikimbebea kikapu.

Ungedhani aibu iliishia hapo. Prodyusa alipopiga simu, nikamwambia jenereta limeharibika. Ulimi ulisema wenyewe. Yeye akaagiza fundi wa jenereta akatwe malipo ya siku, na mimi nikanyamaza. Nilinyamaza siku mbili nzima, fundi akinisalimia vizuri kila asubuhi, mpaka alipokuja kuniuliza taratibu, "Kaka, jenereta langu lilizima saa ngapi?" Usiku ule nikampigia prodyusa. Fundi akalipwa chake, mimi nikakatwa changu, na fungu tukalishuti bamvua iliyofuata kwa nusu ya kikosi.

4. Risiti ya leo iandikwe leo.

5. Mtu wa sauti akisema kunguru wanamsumbua, usimwambie watanyamaza. Kunguru wa Dar hawanyamazi. Hamisha mandhari ya maongezi ndani.

6. Dereva wa gari la vifaa alale kabla ya wote. Usibishane nami kwenye hili, tafadhali.

Yule kijana wa Kigamboni nilimpa namba ya fundi wangu, ni yuleyule wa Bagamoyo, bado tunafanya kazi pamoja. Akapiga, akajieleza. Nikasikia upande wa pili fundi akimuuliza: "Limezima kweli, au ni maji?"