Mchai Kwenye Nchi ya Joto

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Ninaishi sehemu ya joto, karibu na usawa wa bahari. Natamani michai michache uani, ninywe chai niliyoichuma kwa mkono wangu. Kila nikiulizia miche naletewa mchaichai, na wengine wanasema chai haioti ila milimani. Nikate tamaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikate tamaa. Mchaichai ni jamii ya nyasi, hauna undugu na mchai. Ukiulizia tena, taja jina la kitaalamu, Camellia sinensis, kisha sema unataka aina ya Assam, yenye jani pana. Ile ya Kichina, ya jani dogo, ndiyo inayopenda baridi. Huko Assam, India, kuna mashamba makubwa bondeni kwa mto Brahmaputra, mita mia moja na ushee tu juu ya usawa wa bahari. Ila chai ya milimani hukua polepole na kunukia zaidi. Hilo nakuambia mapema.

Ukipata mbegu, ziwe mbichi. Zikikauka hufa upesi. Ziloweke siku nzima, upande zilizozama, zinazoelea uziache. Wenye vitalu wengi hutumia vipandikizi vya jani moja na jicho lake, navyo ni vizuri, lakini kwenye joto mimi hupenda mche wa mbegu kwa sababu ya mzizi mkuu unaofuata maji chini.

Sasa udongo, maana hapo ndipo nilipoumia. Nilipanda michai 12, nikainyunyizia majivu kama nilivyozoea kwenye mboga. Baada ya muda majani machanga yakawa manjano, mishipa yake tu ikabaki kijani. Ikafa 7. Mchai hutaka udongo wenye uchachu, pH (kipimo cha uchachu) 4.5 hadi 5.5, na majivu huua uchachu huo. Chokaa vilevile. Kwa hiyo kama ardhi yako ni ya mawe ya chokaa, au maji ya kisima chako huacha ukoko mweupe ndani ya birika, usipande ardhini. Tafuta chungu kirefu chenye matundu, ujaze udongo mwekundu wenye uchachu uliochanganywa na majani yaliyooza, na umwagilie maji ya mvua uliyokinga. Maji yasituame, mizizi itaoza.

Joto likipita nyuzi 30 hivi, ukuaji hupungua, basi upatie kivuli chepesi, hasa jua la alasiri. Weka matandazo, yasiguse shina. Mche ukifika magotini kata ncha utanuke, na uvumilie hadi mwaka wa 3 ndipo uchume kwa kawaida: majani mawili na chipukizi.

Kabla hujanunua mche hata mmoja, pima udongo na maji ya kisima. Niandikie vipimo hivyo, nitakuambia kama ni ardhini au chunguni.