Unaenda maonyesho ya kwilti Houston? Usianzie sokoni, nakuomba

Dada wa Minnesota, hiyo kadi ya benki iweke chini kwanza unisikilize. Umeuliza mambo mengi kuhusu safari yako ya maonyesho ya kwilti, yale mablanketi ya viraka: hoteli, viatu, kupiga picha, kama mama yako wa miaka 68 ataweza. Halafu katikati, kama mtu anayetupa ganda la ndizi njiani, ukaandika: "Nimeambiwa nianze na soko maana vitu vizuri huisha mapema, kwilti zenyewe nitazipitia jioni. Na nataka kuangalia mashine ya kushonea kwilti." Hapo chai yangu ikapoa.

Nani kakwambia? Maana mimi niliambiwa na mama mmoja wa grupu letu la kushona, hapa Dallas, maneno hayo hayo: "Kwilti hazikimbii mwanangu, vitambaa ndivyo vinavyoisha." Nikamwamini kama mtume. Miezi minane baadaye ndiyo najua kwamba Houston hajawahi kukanyaga! Alikuwa anasimulia maonyesho ya ukumbi wa kanisani kwao, meza sita na keki. Mtu ameona dimbwi anakuelekeza namna ya kuogelea baharini.

Ile International Quilt Festival ya Houston si meza sita. Inajaza jengo la George R. Brown, katikati ya jiji, linalotazamana na bustani ya Discovery Green. Inafanyika Oktoba au mwanzo wa Novemba, inafunguliwa Jumatano jioni na kuendelea mpaka Jumapili, na wanakuja watu wa nchi chungu nzima. Upande mmoja kwilti zimening'inizwa safu kwa safu kama mitaa ya mji, upande mwingine soko lenye mamia ya vibanda. Mimi nilikuwa na siku moja, Jumamosi, na mwendo wa saa nne kwa gari kutoka Dallas. Nikaingia sokoni saa nne asubuhi nikisema nitachukua saa moja tu.

Saa saba nilikuwa nimenunua vitambaa vya dola 210. Sawa, hiyo ni dhambi ndogo, vitambaa si mzigo kwetu tuliokulia kwenye nyumba zenye sanduku la kanga. Tatizo miguu. Sakafu ya lile jengo haina huruma. Nikafika kwenye kibanda cha mashine, kijana mmoja mwenye tabasamu la mshenga akanivutia kiti. Baada ya saa tatu za kusimama, anayekupa kiti ameshalipa nusu ya mahari.

Ile mashine ndiyo hiyo unayoitaka, longamu (longarm). Kwa wasiojua: kwilti ni tabaka tatu, uso wa viraka, pamba ya katikati, na bitana chini. Ile mishono inayopita tabaka zote tatu kuzishikanisha ndiyo inayoifanya iwe kwilti, la sivyo ni shuka yenye viraka. Kwenye cherehani ya kawaida unasukuma lile furushi zima chini ya sindano mpaka mabega yaume. Longamu inageuza mambo: kwilti inatandazwa kwenye fremu, wewe unasukuma mashine kama unapiga pasi hewani. Tamu! Dakika tano nilichora maua, mizabibu na jina la mwanangu. Nikajiona fundi.

Kijana akasema bei ya maonyesho ni dola 11,400, ikifika Jumatatu inapanda. Halafu akashusha lile neno lililonimaliza: miezi 18 bila riba. Eti bila riba! Mimi mtoto wa Tanga, niliyefundishwa kuikimbia riba kama nyoka, nikasaini nikitabasamu. Ningesoma yale maandishi ya sisimizi ningeona kwamba riba haikufutwa, imejificha nyuma ya mlango tu. Ukimaliza deni lote ndani ya miezi 18, salama. Ikibaki hata dola moja, wanarudi kukuhesabia riba kuanzia siku ya kwanza. Mimi zilibaki dola 640, maana mwezi wa 15 gari liliharibika. Nikaongezewa dola 2,700 na ushee. Nilipiga simu kulalamika, dada wa upande wa pili akanisomea saini yangu kwa sauti ya upole kabisa.

Halafu fremu. Futi 12. Sebule yetu futi 11. Nilipima lini? Nilipima ilipofika, makasha yakiwa yamejaa mlangoni na mume wangu amesimama kimya. Mume anayefoka unamjibu, huyu alikwenda kukaa kwenye gari. Tukaikodishia stoo ya dola 95 kwa mwezi. Kwa hiyo mimi nimepanga, na mashine yangu nayo imepanga. Ikianza kudai chumba chenye kiyoyozi nitahamia mimi stoo.

Sasa hesabu ambayo hakuna kibanda kitakachokufanyia. Kuna mafundi wanaokushonea kwa kukodi: unawapelekea uso, pamba na bitana, wanatoza kwa inchi ya mraba. Chukua senti 3. Kwilti ya inchi 60 kwa 80 ina inchi 4,800 za mraba, yaani dola 144. Kwa 11,400 ningeshonewa kwilti 79. Mpaka leo nimemaliza tatu, na moja imepinda.

Ila fedha siyo iliyoniuma zaidi, amini usiamini. Nilipomaliza kusaini ilikuwa saa kumi na moja jioni, ndipo nikaenda kwenye kwilti "zisizokimbia". Kweli hazikukimbia, mimi ndiye niliyeshindwa kutembea. Nilipita mistari miwili nikiwa nimeburuza mifuko, macho yamejaa bei, sikuona kitu. Nikarudi barabarani usiku. Yaani niliendesha saa nne kwenda kwenye maonyesho makubwa kiasi kile nikatazama risiti.

Mwaka uliofuata nilirudi na dola 40 taslimu, kadi nimeiacha nyumbani. Nikaanzia kwenye kwilti, saa tano nzima. Ndipo nikajua nilichokosa. Kuna moja, kutoka hatua kumi ni uso wa bibi kizee, ukitaka uape ni picha ya kamera. Sogea: vipande vidogo kuliko ukucha, mikunjo ya paji la uso ni uzi tu uliopita na kurudi. Kuna ya Wajapani, rangi za majivu na udongo, mishono ya mkono midogo mpaka nikahesabu kwa kidole hewani (kugusa mwiko, mafuta ya mkono yanaharibu) nikapata 11 kwenye inchi moja. Mmoja wa wale wanaojitolea wenye glavu nyeupe akaja. Hao ndio wenye ruhusa ya kushika, ukiwaomba wanakugeuzia ukingo uone nyuma. Omba, tafadhali! Nyuma ndiko fundi anakoumbuka au anakothibitika. Ile ilikuwa safi kama mbele, sikuona hata fundo.

Na pembeni ya kwilti kuna kadi yenye jina la fundi na maelezo yake. Nikazisoma kama mtu anayetafuta matokeo ya mtihani. Huyu ameshona kwa mkono. Huyu kwa cherehani ya kawaida ya nyumbani. Ya nyumbani! Ningezisoma kadi hizo mwaka wa kwanza, saa nne asubuhi na miguu mizima, yule mshenga angekuta bibi harusi ameshaolewa. Tena Harriet Powers, mama aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alishona hadithi za Biblia kwenye kwilti. Alitaka dola 10, maisha yakambana akaiuza 5, na leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Kina mama wa Gee's Bend, Alabama, walishona kwilti kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 kwilti zao zilitundikwa kwenye jumba la sanaa hapo hapo Houston. Nani kati yao alikuwa na fremu ya futi 12?

Wewe umesema unashona vitenge, basi tafuta kazi za Bisa Butler, baba yake ni Mghana. Anashona picha za watu weusi, saizi ya mtu mzima, kwa vitenge vya nta vile vile tunavyovaa harusini. Hata ngozi ya uso anaishona kwa vitambaa vya zambarau na chungwa ikakubali. Nilipoona kazi yake nilikwenda kufungua sanduku la marehemu mama nikakaa nalo sakafuni.

Kwa hiyo: kwilti kwanza, zote, mpaka ushibe, ule, ukae. Soko baadaye, ukiwa na fedha taslimu uliyoihesabu nyumbani. Mashine usinunue siku uliyoigusa, wala usisaini ukiwa umekaa kwenye kiti chao. Wakikwambia bei inaisha leo, waambie na wewe siku yako imeisha. Kama una siku ya ziada, La Grange, njiani ukielekea Austin, kuna Texas Quilt Museum, makumbusho ya kwilti, haina wa kukuvutia kiti.

Uliuliza nini kingine? Picha: nyingi unaruhusiwa, penye kibao cha kukataza usipige. Viatu vya zamani, vilivyokwisha kukuzoea. Hoteli sijui, mimi nililala kwangu nikiwa na deni.

Mama yako mlete, atafurahi kuliko wewe, madawati ya kupumzikia yapo. Kadi yake ya benki tu ndiyo ibaki Minnesota.