Kabla ya Kwenda Kutazama Mbio za Pikipiki kwa Mara ya Kwanza: Niliyojifunza Garuga

Mara ya kwanza nilipokwenda kutazama mbio za pikipiki, katika uwanja wa Garuga hapa Uganda, nilifika saa nane mchana. Safari hiyo nilikuwa nimeipanga kama mtu anayekwenda Namboole kutazama mpira: mechi ni saa kumi, kwa hiyo ukiingia saa tisa na nusu umewahi. Nilipolipa kiingilio na kupita langoni nikakuta watoto wanaoendesha pikipiki ndogo wamekwisha maliza siku yao, mazoezi yalifanyika tangu asubuhi, na kila mahali penye mwinuko pametandikwa mikeka na watu waliotangulia. Nilibaki nyuma ya safu tatu za migongo, nikisikia injini zikipita nisizoziona. Nilipomuuliza mtu wa karibu nani anaongoza, alinijibu kwa upole kwamba yeye pia alikuwa anataka kuniuliza mimi. Tangu siku hiyo nimerudi mara kadhaa, na ninaamini kwamba anayekwenda mara ya kwanza anapaswa kupanga mambo mawili kabla ya mengine yote: saa atakayofika na mahali atakaposimama. Nani atashinda ni jambo atakalolielewa mwenyewe akiwa huko.

Ninaishi Walukuba, Jinja, ambako pikipiki si kitu cha ajabu. Tunazipanda kwenda sokoni, kazini na hospitalini, na asili ya neno lenyewe boda boda iko hapa hapa nchini kwetu, mpakani upande wa Busia na Malaba, ambako abiria walibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani tunazijua pikipiki. Zile za mashindano ni viumbe wengine. Hazina taa, hazina vioo, hazina namba ya usajili, na springi zake huweza kubonyea kiasi cha sentimita 30, kwa kuwa kazi yake ni kuruka matuta na kutua bila kumvunja anayeiendesha. Boda boda nyingi za mtaani kwetu zina injini yenye ujazo wa sisi (cc) 100 au zaidi kidogo. Katika daraja kubwa la mashindano, linaloitwa MX1, injini hufika sisi 450.

Mchezo wenyewe huitwa motokrosi. Hapa Uganda unasimamiwa na shirikisho la vilabu vya michezo ya magari na pikipiki, ambalo wengi hulijua kwa kifupi chake FMU, na viwanja vinavyotajwa sana ni Garuga, karibu na Ziwa Nyanza upande wa Entebbe, na Busiika, kwenye barabara ya Gayaza kwenda Zirobwe. Msomaji aliyezoea mbio za magari za barabarani asikosee akadhani ni kitu kimoja. Katika mbio zile unasimama kando ya barabara ya kijijini, gari linapita kwa sekunde tatu, kisha unasubiri vumbi litulie ndipo lije jingine. Katika motokrosi njia imefungwa na inazunguka, na mwendeshaji yuleyule anarudi mbele yako kila baada ya dakika mbili hivi. Ndiyo maana mahali pa kusimama pana thamani kubwa: utapatumia siku nzima.

Kwanza hakikisha tarehe. Ratiba ya msimu hutangazwa mapema, lakini mvua haisomi ratiba, na miezi ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Desemba udongo wa njia huweza kugeuka tope katika usiku mmoja. Mwaka mmoja nilisafiri nikitegemea bango nililotumiwa kwenye simu wiki tatu kabla. Nilifika nikakuta uwanja mtupu, ng'ombe wawili na kijana mmoja aliyenieleza kwamba mbio zimeahirishwa. Waandaaji walikuwa wametangaza siku ya Alhamisi. Mimi ndiye sikuwa nimeuliza tena. Sasa huangalia tangazo Alhamisi, halafu Jumamosi jioni, ndipo nifunge begi.

Kuhusu njia, anayetoka mashariki kama mimi akumbuke kwamba kilomita 80 za Jinja hadi Kampala hazipimwi kwa kilomita bali kwa msongamano wa Mukono, Bweyogerere na Kireka. Mwenye gari, au kikundi kilichokodi moja, akate kwa barabara ya mchepuo ya kaskazini kutoka Bweyogerere hadi Busega, aingie barabara ya kulipia ya Entebbe, kisha atoke Kajjansi na kuendelea kwa barabara ya zamani. Anayetumia teksi, yaani zile gari za abiria kumi na wanne ambazo majirani zetu Wakenya huziita matatu, atalazimika kuingia mjini na kubadilisha gari, na kipande cha mwisho atakimaliza kwa boda boda. Asijaribu kumshawishi mwenye boda boda apite barabara ya kulipia, kwa sababu haziruhusiwi humo. Sisi huondoka Walukuba saa kumi na moja alfajiri. Najua ni mapema, na kila mara kuna mmoja katika kundi anayelalamika hadi Lugazi.

Faida ya kuondoka mapema ni mazoezi ya asubuhi. Watu wengi huyadharau kwa sababu hayana alama, nami naona ndiyo sehemu ya siku inayomfunza mgeni zaidi kuliko nyingine yoyote. Njia bado ina unyevu, vumbi ni kidogo, watu ni wachache, na waendeshaji wanajaribu kila kona kwa mistari tofauti. Tumia muda huo kuzunguka uwanja wote kwa miguu, nje ya uzio. Simama kila mahali kwa mizunguko mitatu au minne. Utagundua kwamba mahali palipoonekana pazuri kwa mbali pana jua linalokupiga usoni kuanzia saa saba, au pako upande ambao upepo wa ziwani unauleta vumbi lote kwako.

Tuseme sasa umezunguka na unataka kuchagua. Wengi hukimbilia tuta kubwa kuliko yote, kwa kuwa hapo ndipo picha hupatikana, nami sitamkataza mtu kupiga picha. Hata hivyo, juu ya tuta kubwa waendeshaji karibu wote hufanana: wanaruka, wanatua, wanaondoka. Mbio huamuliwa kwenye kona, hasa kona kali inayofuata sehemu ya mwendo wa kasi, kwa maana hapo mwendeshaji lazima aamue lini ashike breki na apite ndani au nje. Ukipata mwinuko unaokuonyesha kona ya namna hiyo pamoja na matuta mawili matatu yanayoifuata, hapo tandika mkeka wako. Jirani yangu, ambaye ameendesha boda boda kwa zaidi ya miaka kumi, alinifundisha pia kufumba macho kidogo na kusikiliza. Anayepunguza mafuta mapema kabla ya kona utamsikia, na anayechelewa kupunguza utamsikia vilevile, na baada ya mizunguko michache sauti hizo mbili zitakuwa zimekaribiana mno. Ukifumbua macho hapo utaona mmoja akimpita mwenzake.

Mahali pa kutosimama pia pajulikane. Usikae upande wa nje wa kona wala mkabala na mahali pikipiki zinapotua, hata kama uzio upo na hata kama wenyeji wamejaa pale wakicheka, kwa sababu pikipiki iliyomtupa mwenyewe huendelea na safari yake moja kwa moja. Usivuke njia mahali popote isipokuwa pale wasimamizi walipoonyesha. Nimewahi kumwona mzee mzima akivuka mbio akiwa na sahani ya nyama mkononi, na maneno aliyoambiwa na msimamizi siwezi kuyaandika hapa.

Kwa mwanzo wa kila mbio, acha mkeka wako na mtu unayemwamini uende karibu na lango la kuanzia. Waendeshaji hujipanga safu moja nyuma ya vyuma vilivyosimama. Katika kanuni za kimataifa huonyeshwa kibao cha sekunde 15, kisha cha sekunde 5, halafu vyuma huanguka wakati wowote kati ya sekunde 5 na 10 zinazofuata, ili asiwepo anayeweza kubahatisha. Wote huondoka pamoja kuelekea kona moja nyembamba. Anayeitoka kona hiyo wa kwanza ana hewa safi. Walio nyuma yake wanakula udongo wake, na ndiyo maana huvaa miwani yenye karatasi nyembamba za plastiki wanazozichana moja baada ya nyingine wakiwa wanaendesha.

Ili usipotee katika kuhesabu, mchague mwendeshaji mmoja wa mbele kwa namba yake na umtumie kama saa yako. Anapopita, mzunguko mpya umeanza. Wanaokuja baada yake wahesabu kwa utaratibu hadi yeye arudi. Ukiona bendera ya bluu inaonyeshwa kwa mtu, maana yake ni kwamba anakaribia kupitwa na aliyemzidi mzunguko mzima, kwa hiyo usimshangilie kana kwamba anaongoza, jambo ambalo mimi nililifanya kwa sauti kubwa. Bendera ya manjano inayopepea inaonya kuhusu hatari mbele, na hapo hairuhusiwi kupita mwenzako. Nyeupe yenye msalaba mwekundu inaonyesha kwamba watoa huduma ya kwanza wako njiani. Ujue pia kwamba kila daraja hukimbia zaidi ya mara moja kwa siku na alama hujumlishwa. Kwa hesabu ya kimataifa mshindi wa mbio moja hupata 25, wa pili 22, wa tatu 20, hivyo mtu anaweza kushinda mbio ya mwisho na bado asipande jukwaa la juu. Kaa na kalamu.

Vitu vya kubeba ni vichache: kofia pana, maji ya kutosha, leso ya kufunika pua, na fedha taslimu, kwa sababu mtandao wa simu hulemewa watu wanapokuwa wengi na malipo ya simu hugoma. Chakula kipo, rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na nyama choma hazikosekani. Ukienda na watoto wadogo, wanunulie mapema vizibo vya masikio. Mpwa wangu wa miaka saba alifurahia mbio ya kwanza na kulia katika ya pili, na tulikaa nyuma ya magari hadi jioni. Watoto wa umri wake, kwa upande mwingine, wapo njiani wakishindana kwa pikipiki za sisi 50 saa za asubuhi, na hilo ndilo atakalolizungumzia nyumbani.

Wakati wa kurudi una njia mbili tu zenye maana. Ama uondoke mara mbio ya mwisho ya daraja kubwa inapoisha, ukaikose sherehe ya vikombe, ama ukae hadi magari yapungue na ukubali kufika usiku. Kuondoka katikati, pamoja na kila mtu, ni kukaa Kajjansi na Zana kwa muda ambao ungekutosha kufika Mukono. Sisi hukaa, na hushuka Walukuba karibu saa nne usiku. Hata ukiwa umechoka namna gani, nguo za siku hiyo ziloweke usiku huohuo, kwani ule udongo mwekundu ukishalala kwenye shati hadi asubuhi, sabuni ya kawaida haiutoi.