Tangawizi ndiyo, vidonge vya kusafisha ini hapana

Hakuna jani, mzizi wala unga unaoifukuza pombe mwilini. Hiyo ni kazi ya ini, na ini halina haraka: kwa mtu mzima huondoa takribani kipimo kimoja cha kawaida cha kinywaji kwa saa, hata ukinywa kahawa, ukioga maji baridi au ukimeza mitishamba. Natanguliza hili kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu Ayurveda, tiba ya jadi ya India, wanatafuta dawa ya kukata hangova papo hapo. Haipo. Ila zipo njia za kuutuliza mwili wakati unajirudi, na hizo nazitumia miaka yote na nazipenda.

Waganga wa Ayurveda waliufikiria ulevi kwa kina. Charaka Samhita, kitabu chao cha kale, kina sura nzima kuhusu madhara ya pombe, ambayo huyaita madatyaya. Kwao pombe ni kitu kikali, chenye moto, kinachochafua tumbo na kuvuruga akili, kwa hiyo tiba huelekea kwenye vitu laini na vyepesi. Sayansi ya leo inatumia maneno mengine. Pombe huchubua utando wa tumbo, huharibu usingizi, na huizuia homoni inayozuia mkojo, ndiyo maana unakojoa sana na kuamka koo limekauka.

Mimi huanza na maji, kidogo kidogo. Ukiyabugia glasi nzima tumbo likiwa bado limechafuka, yatarudi. Kisha tangawizi. Chukua kipande mbichi kama kidole gumba, kipare, kikate vipande vyembamba, uchemshe kwenye vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi hivi, mpaka harufu ijae jikoni na maji yawe na rangi ya manjano hafifu. Yaache yapoe hadi yawe vuguvugu ndipo unywe kwa mafunda madogo. Tangawizi imechunguzwa sana kwa kichefuchefu cha aina nyingine, hasa cha ujauzito, na inasaidia. Kama una kiungulia, ipunguze, maana ikizidi yenyewe inaunguza. Siku hizo mimi huiacha kabisa na kuchemsha binzari nyembamba, giligilani na shamari, nusu kijiko cha chai kila moja kwa lita ya maji. Sitadai kwamba chai hii inatibu kitu. Inanituliza tumbo, na inanifanya ninywe maji mengi bila kujilazimisha.

Chakula kije baadaye, na kiwe chepesi. Ayurveda humpa mtu ambaye tumbo lake limechoka uji mwepesi wa wali, uliochemshwa mpaka punje zikavunjika, kisha wali na choroko zilizopikwa pamoja zikalainika. Tia chumvi kidogo. Mtindi uliopigwa na maji mengi, ukanyunyiziwa binzari nyembamba iliyokaangwa, nao unashuka vizuri. Baada ya hapo lala. Usingizi wa pombe si usingizi, na mwili bado unaudai.

Hapo ndipo ninapoishia na Ayurveda siku hiyo. Vile vidonge na unga wa kopo vinavyonadiwa kuwa vinasafisha ini sivigusi, na nakusihi nawe usiviguse. Ini limetoka kufanya kazi ngumu, halihitaji mzigo mwingine. Mitishamba ya Ayurveda kama ashwagandha na giloy, pamoja na vidonge vya bizari ya manjano iliyokolezwa, vyote vimeripotiwa kuwaumiza ini baadhi ya watumiaji, na ashwagandha pia huongeza usingizi juu ya ule wa pombe. Halafu kuna suala la madini yenye sumu: utafiti uliochapishwa na jarida la JAMA mwaka 2008 ulikuta risasi, zebaki au aseniki katika takribani moja ya tano ya dawa za Ayurveda zilizopimwa kati ya zile zinazouzwa kwenye intaneti. Jihadhari pia na dawa za maji ziitwazo asava na arishta. Hizo hutengenezwa kwa kuchachushwa, na zina pombe ndani yake.

Kichwa kikiuma sana, usichanganye parasetamo na pombe ambayo bado iko mwilini. Aspirini na ibuprofeni nazo huchubua tumbo, kwa hiyo mara nyingi mimi huvumilia.

Kuna hali ambazo tangawizi haina nafasi. Mtu asiyeamka, anayepumua polepole au kwa kukatakata, aliyepoa mwili au kugeuka rangi midomo, mlaze ubavu na utafute msaada wa dharura saa hiyohiyo. Na kuna yule anayetetemeka mikono na kutoka jasho kila asubuhi mpaka azimue. Ile si hangova, mwili wake umeshaizoea pombe. Akiacha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo inaua. Asijaribu kuacha peke yake nyumbani kwa chai za mizizi. Mpeleke hospitali, na mwambieni daktari bila kuficha anakunywa kiasi gani, alikunywa lini mara ya mwisho, na mitishamba gani amekuwa akitumia.